Jinsi ya Kuuza Injini ya Boti Iliyotumika au Iliyokufa Bila Kutupa Bei

Maswali ni yale yale kila mara. Injini imenoki, kuna atakayeinunua? Ilizama, niitengeneze kwanza au niiuze hivyo hivyo? Fundi kasema gia boksi imekufa, niipeleke kwenye chuma chakavu? Mwongozo huu ni wa injini za kufunga nje, zile zinazoning'inia kwenye tezi (sehemu ya nyuma) la boti, ziwe tu-stroki (zinazochoma oili pamoja na petroli) au fo-stroki.

Karibu kila injini ina mnunuzi. Tatizo ni kwamba mnunuzi asipojua kilichoharibika, anakadiria kuwa kimeharibika kila kitu, na bei yake inafuata hofu hiyo. Kwa hiyo kazi yako kubwa kabla ya kutangaza ni kupima. Saa mbili tatu za kupima zinaongeza bei kuliko wiki nzima ya kubishana kwenye simu.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Spana ya plagi, seti ya spana za kawaida, bisibisi pana ya skrubu za gia boksi
- Geji ya kompresheni (mgandamizo ndani ya silinda) yenye nati inayoingia kwenye tundu la plagi yako (azima kwa fundi kama huna)
- Kipima moto wa plagi, au plagi moja mpya
- Pipa la maji lenye kina cha kutosha, au vikombe vya mpira vya kuvisha kwenye matundu ya kunyonya maji, pamoja na bomba la maji baridi (yasiyo na chumvi)
- Oili ya kupenya kutu, oili safi ya injini, oili ya gia, na washa mpya za skrubu za gia boksi
- Petroli mpya. Ile iliyokaa kwenye tangi tangu msimu uliopita usiitumie kupimia chochote
- Futi kamba, tochi, simu yenye kamera, kalamu na karatasi
- Stendi au ubao imara wa kufungia injini ikiwa wima

Hatua ya 1: Isome injini

Tafuta kibati cha nambari kwenye bano, yaani ile sehemu inayobana ubao wa tezi. Andika modeli na nambari ya serio kama zilivyo, herufi kwa herufi. Usikadirie mwaka kwa rangi ya kava, kava hubadilishwa.

Kwa Johnson na Evinrude za kuanzia 1980, mwaka umefichwa kwenye herufi mbili zilizo kabla ya herufi ya mwisho ya modeli. Siri yake ni neno INTRODUCES: I ni 1, N ni 2, T ni 3, R ni 4, O ni 5, D ni 6, U ni 7, C ni 8, E ni 9, S ni 0. CC ni 1988, EN ni 1992. Kwa chapa nyingine, mpe muuza spea nambari ya modeli na ya serio akutafutie. Kama ni Evinrude, fahamu kuwa mnunuzi makini atauliza habari za spea, kwa sababu uzalishaji wake ulisimamishwa 2020. Upande mwingine wa jambo hilo ni kwamba vipuri vyako vyenyewe vinaweza kutafutwa.

Pima urefu wa mguu pia, kutoka pale bano linapokalia juu ya ubao wa tezi hadi kwenye bamba bapa lililo juu ya propela. Takriban sentimita 38 ni mguu mfupi (inchi 15), 51 ni mrefu (inchi 20), 64 ni mrefu zaidi (inchi 25). Tangazo lisilotaja urefu wa mguu linaleta simu nyingi za bure, maana mtu mwenye boti ya tezi fupi hawezi kutumia injini ya mguu mrefu hata ukimpa kwa nusu bei.

Hatua ya 2: Kusanya karatasi

Risiti ya kununulia, hati za forodha kama injini iliagizwa nje, kadi ya usajili kama inatakiwa mahali ulipo, na risiti za matengenezo. Injini za boti huibwa sana, na kibati kilichokwanguliwa au kung'olewa ni sababu tosha ya mnunuzi kuondoka. Kama kibati kimeliwa na chumvi, usijaribu kukichonga upya wala kubandika kingine. Kipige picha kilivyo, na uwe na karatasi ya kuthibitisha nambari.

Hatua ya 3: Osha, usipake rangi

Toa matope, chumvi na grisi iliyoganda kwa maji baridi, sabuni na brashi laini. Ndani ya kava futa kwa kitambaa. Usipige maji ya presha kwenye nyaya na kabureta. Ishia hapo. Rangi mpya kwenye injini kuukuu humfanya mnunuzi atafute inachoficha. Kitu cha kwanza anachoangalia mtu anayezijua injini ni rangi iliyovimba au kuungua kwenye hedi ya silinda, dalili ya kuchemka. Ukiifunika, na akaja kuikwangua kwa ukucha, biashara imekwisha.

Hatua ya 4: Je, inazunguka?

Weka gia nyutro, toa plagi zote, zungusha flaiwili (gurudumu zito lililo juu ya injini) kwa mkono kwa mwelekeo wa saa.

Ikizunguka, nenda hatua ya 5. Ikigoma, usikimbilie kusema imenoki. Mimina oili ya kupenya kutu kijiko kimoja cha chakula kwenye kila tundu la plagi, acha siku mbili tatu, jaribu tena taratibu. Usigonge flaiwili kwa nyundo: sumaku zake hubanduka, na hapo umeua kipuri kinachouzika.

Bado inagoma? Shusha gia boksi. Fungua bolti zake, tenganisha fimbo ya gia, ishushe na shafti yake, kisha zungusha flaiwili tena. Mara kadhaa kilichokamata ni gia au bearingi za chini, na kichwa cha injini (sehemu ya juu yenye silinda na pistoni) ni kizima kabisa. Tofauti ya bei kati ya "injini imenoki" na "kichwa kizima, gia boksi imekufa" ni kubwa mno kuiacha kwa uvivu wa bolti chache. Bolti zikishikwa na chumvi, zipashe moto polepole na oili ya kupenya, baada ya kuondoa tangi na mipira ya petroli mbali kabisa. Bolti ikikatikia ndani, umejipunguzia bei mwenyewe.

*Kama injini ilizama:* usivute kamba ya kuwashia kabla ya kutoa plagi. Maji hayabanwi, yakikutwa ndani ya silinda hupinda konrodi. Na kama ilizama ikiwa inaunguruma, au imeingiwa mchanga, usiizungushe hata kidogo, mwachie fundi aifungue. Iliyozama ikiwa imezimwa, isuuze kwa maji baridi, toa plagi, geuza matundu yaangalie chini na zungusha taratibu maji yatoke, kisha mwaga oili ndani ya silinda na uzungushe tena. Kwa fo-stroki badilisha pia oili ya injini. Hayo yafanyike ndani ya saa chache, kwa sababu kutu huanza mara chuma kinapokutana na hewa. Kama huwezi kuishughulikia siku hiyo, ni bora ibaki imezamishwa kwenye pipa la maji baridi kuliko kuanikwa juani. Na kwenye tangazo andika ilizama lini, kwenye maji ya chumvi au baridi, na ilifanyiwa nini.

Hatua ya 5: Pima kompresheni

Hiki ndicho kipimo ambacho mnunuzi atakiuliza kabla ya vingine.

Toa plagi zote, gusisha nyaya zake kwenye bodi ya injini ili koili zisiungue, fungua mafuta (akseleta) hadi mwisho, funga geji kwenye silinda ya juu na vuta kamba (au piga stata) hadi mshale uache kupanda. Mara tano au sita zinatosha. Andika, kisha nenda silinda inayofuata, ukivuta idadi ile ile. Pima injini ikiwa ya moto kama inawaka. Kama haiwaki, pima ya baridi na useme hivyo.

Tu-stroki nyingi nzima husoma kati ya psi 90 na 130. Lakini namba yenyewe haina uzito kama tofauti kati ya silinda. 110 na 105 ni nzuri. 110 na 70 ni injini ya kufunguliwa. Ikizidi asilimia 15 hivi, kuna jambo. Baadhi ya fo-stroki hujipunguzia kompresheni zenyewe wakati wa kuvutwa, kwa hiyo geji husoma chini bila injini kuwa mbovu. Linganisha silinda kwa silinda tu.

Silinda ikiwa chini, tia kijiko cha chai cha oili ndani yake na upime tena. Ikipanda vizuri, ni ringi au ukuta wa silinda. Isipopanda, shuku gasketi ya hedi, na kwa fo-stroki, valvu pia. Silinda mbili zilizopakana zikiwa chini kwa pamoja, mara nyingi gasketi imepasuka katikati yao, na hiyo ni habari njema: gasketi ni kazi ndogo.

Hatua ya 6: Angalia moto wa plagi

Kabla ya kulaumu koili, angalia klipu ya kamba ya usalama, ile nyekundu inayozima injini dereva akianguka. Injini zimeuzwa kama mfu kwa sababu klipu hiyo ilikuwa imepotea.

Funga kipima moto, shikisha kwenye bodi, zungusha. Moto wa bluu unaolia ni mzuri. Wa njano mwembamba ni dhaifu. Fanya hivyo mbali na petroli iliyomwagika, na matundu ya plagi yasiwe karibu na cheche. Ukikosa moto silinda moja tu, hamisha koili kutoka silinda nyingine. Tatizo likihama na koili, umepata kipuri kibovu kwa dakika kumi, na unaweza kukiandika kwa jina kwenye tangazo.

Hatua ya 7: Gia boksi na propela

Weka chombo chini, fungua skrubu ya chini halafu ya juu, acha oili ishuke. Oili ya rangi ya maziwa imeingiwa na maji, yaani sili zimekwisha. Maji yakitangulia peke yake kabla ya oili, gia boksi imekaa hivyo muda mrefu na bearingi zinaweza kuwa na kutu. Ute laini wa kijivu kwenye sumaku ya skrubu ni wa kawaida. Vipande unavyoweza kuvishika kwa kucha ni meno ya gia. Piga picha oili ikiwa kwenye chombo cheupe. Ukijaza mpya, sukumia kutoka tundu la chini hadi itokee la juu, na weka washa mpya.

Injini inalia lakini boti haiendi? Usitangaze gia mbovu bado. Chora mstari mmoja wa rangi kutoka kitovu cha propela hadi kwenye mwili wake, endesha boti na mzigo kidogo, kisha angalia. Mistari ikiachana, mpira wa ndani ya propela ndio unaoteleza, na gia yako haina kosa lolote.

Hatua ya 8: Iwashe majini kama inawaka

Usiiwashe kavu, hata kwa "sekunde mbili za kusikiliza". Impela ya pampu (gurudumu dogo linalosukuma maji ya kupoza injini) ni ya mpira na hutegemea maji kujilainisha. Bila maji inaungua upesi sana. Kwenye pipa, maji yafike juu ya bamba lililo juu ya propela. Ukitumia vikombe vya mpira, toa propela kwanza na usipande mzunguko zaidi ya sailensa (mzunguko wa chini, bila kuongeza mafuta).

Subiri mrija wa maji ubavuni utoe maji ndani ya dakika moja. Usipotoa, zima, chokoa kitundu kwa waya mwembamba, jaribu tena. Ikishindikana ni impela, ambayo kwa wengi wetu inafaa kubadilishwa kabla ya kuuza, kwa sababu haina gharama kubwa na injini isiyotoa maji haijaribiki.

Hatua ya 9: Amua unauza nini

Una njia nne: iuze inafanya kazi, iuze mbovu ikiwa nzima, ichambue spea, au ipeleke kwa kilo. Tengeneza kabla ya kuuza pale tu kasoro ni ndogo na ya uhakika: impela, plagi, kusafisha kabureta iliyoganda petroli kuukuu, gasketi. Usifungue kichwa chenye silinda iliyochubuka kwa nia ya kuuza. Gharama hairudi, na injini iliyofunguliwa nusu ikawekwa kwenye ndoo huuzika vibaya kuliko ile mbovu iliyofungwa.

Kuchambua spea kunalipa zaidi kwa modeli zilizozagaa, zenye watu wengi wa kuhitaji. Gia boksi nzima ndiyo hutoka kwanza, kisha kava, kabureta, stata, flaiwili, koili na kisanduku cha moto, pampu ya kuinua na kushusha, mkono wa usukani. Vya umeme visivyopimwa huuzwa kwa bei ya bahati nasibu, kwa hiyo vipime kabla ya kuvitoa. Hesabu pia kwamba utabaki na nusu ya vipande kwa miezi mingi.

Bano lenye kibati usiliuze ovyo. Hilo ndilo wezi wanalolitafuta ili kuvalisha injini ya wizi nambari safi. Uza kwa mtu unayeandikiana naye hati, au baki nalo.

Kwa kilo, iwe mwisho. Tenganisha alumini na chuma (krenki, flaiwili, shafti), na toa propela ya stenlesi na mota ya stata yenye shaba. Alumini iliyochanganyika na chuma hulipwa bei ya chini.

Hatua ya 10: Weka bei

Tafuta bei ambazo injini za modeli na umri huo zimeuzwa kweli, usichukue zile zinazoombwa. Toa gharama ya spea, toa ufundi, kisha toa kitu kwa ajili ya hatari anayoibeba mnunuzi. Kama nzima inauzwa 100, na matengenezo yanakadiriwa 20, usitegemee 80. 60 hadi 65 ni mazungumzo ya haki, na itashuka zaidi kama hukupima. Amua bei yako ya chini kabla simu haijaanza kuita.

Hatua ya 11: Picha na tangazo

Piga mchana: pande zote nne, kava likiwa limetolewa, bano, pezi la chini, propela, plagi zilizopangwa kwa mfuatano wa silinda, geji ikionyesha namba, oili ya gia. Kama inawaka, piga video moja isiyokatwa, ukianza kwa kugusa kichwa cha injini kuonyesha ni cha baridi. Ficha tarakimu za mwisho za serio hadharani, ila mpe mnunuzi wa kweli azihakiki.

Maneno yawe hivi:

"Tu-stroki, HP 40, silinda 2, mguu mrefu (inchi 20), ya kuvuta kamba. Kompresheni: juu 115, chini 75, chini hupanda hadi 105 ikitiwa oili. Moto upo silinda zote. Gia boksi nzima, oili safi. Pezi limekatika ncha. Haijafunguliwa. Risiti ipo. Inauzwa kama ilivyo."

Mtu anayejua injini akisoma hayo ameshajua anahitaji pistoni na ringi. Epuka "inahitaji fundi kidogo tu" na "ilikuwa inafanya kazi ilipowekwa". Wote wameshayasikia, na wote hupunguza bei wakiyasoma.

Hatua ya 12: Siku ya mnunuzi

Usiipashe moto kabla hajafika. Aikute ya baridi na aiwashe mwenyewe. Mwachie apime kompresheni yake. Kutaneni mahali penye watu, mchana.

Malipo yahakikishe kwenye salio lako, si kwenye ujumbe wa simu, kwani ujumbe hughushiwa. Anayetaka kulipa zaidi ya bei ili umrudishie chenji au umlipie msafirishaji, mkatae papo hapo.

Andikeni hati nakala mbili: majina na vitambulisho vya pande zote, modeli, nambari ya serio, kasoro ulizotaja moja moja, bei, tarehe, maneno "inauzwa kama ilivyo", na sahihi pamoja na shahidi.

Hatua ya 13: Kuisafirisha

Simamisha wima kwanza maji yote yamwagike. Toa petroli kwenye kabureta na kwenye mpira. Fo-stroki ina upande wake wa kulalia, ulioandikwa kwenye kitabu chake na mara nyingi una vishikizo vya kuikalisha. Ukiilaza upande mwingine oili huingia kwenye silinda. Tu-stroki inavumilia, lakini kichwa kiwe juu kuliko mguu muda wote.

Mambo yakikwama

*Mnunuzi kafika, injini haiwaki.* Fuata mpangilio huu: klipu ya usalama, gia iwe nyutro, kitundu cha hewa kwenye kifuniko cha tangi kiwe wazi, mshale wa pampu ya mkono (kibonge cha mpira kwenye mpira wa petroli) uelekee kwenye injini, binya hadi iwe ngumu, choki. Ikiwaka na kuzima baada ya dakika chache, rudi kwenye kifuniko cha tangi.

*Pampu ya mkono haikazi.* Inavuta hewa: kiungo cha tangi, kiungo cha injini, au valvu yake imekufa.

*Simu hazipigwi kabisa.* Mara nyingi urefu wa mguu au mwaka haujaandikwa, au picha ni moja tu. Rekebisha hayo kabla ya kushusha bei.

*Anataka kuichukua akaipime kwa fundi wake.* Nenda nayo wewe, au aache bei yote kwa maandishi. Injini iliyoondoka bila fedha hurudi imepungua koili.

*Anasema namba za kompresheni si ulizoandika.* Pimeni tena pamoja, mafuta yakiwa wazi na plagi zote zikiwa nje. Plagi moja iliyoachwa ndani, au mafuta yaliyofungwa, hushusha geji bila injini kuwa na kosa.

*Amerudi siku ya tatu analalamika.* Fungua hati, msome naye orodha ya kasoro. Kama kasoro anayoidai imo, biashara ilikwisha siku ile. Kama haimo na ulikuwa unaijua, mrudishie tofauti, maana wanunuzi wa injini za boti katika eneo moja wanajuana wote.